Santuri ya Sunburst iliyoazimwa Nsemulwa

Mwezi uliopita nilikuwa likizo nyumbani, Nsemulwa, kule Mpanda. Nilikwenda kupumzika na kula ugali wa mama, nikarudi na habari. Ndiyo kazi yetu hii, ukiwa mwandishi huna likizo.

Baba yangu mkubwa ni mstaafu wa reli. Jioni moja nilimkuta barazani amepanga santuri zake juu ya mkeka, anazifuta vumbi moja moja kwa kitambaa chenye unyevu. Nilizihesabu, zilikuwa 31. Kulikuwa na Franco, Mbaraka Mwinshehe, Jim Reeves, na nyingine ambazo karatasi zake za katikati zimefutika kabisa. Nyingi zimepinda kwa joto na makava yake yameliwa na mchwa. Gramafoni yenyewe ilikufa kabla sijazaliwa. Yeye bado anazifuta.

Nikamuuliza ni ipi anayoipenda kuliko zote. Hata hakuangalia mkekani.

"Haipo hapa, mwanangu. Iliazimwa."

"Ipi hiyo, baba mkubwa?"

"Sunburst. Ave Africa. Niliinunua Zambia nikiwa TAZARA. Kuna rafiki yangu wa Makanyagio aliniomba wiki moja tu."

Wiki hiyo ilianza mwaka 1979.

Sasa kabla sijawaambia nilichofanya, inabidi turudi nyuma kidogo, maana najua vijana wenzangu wengi hawajawahi kusikia kwamba Tanzania ilikuwa na bendi ya roki. Mimi mwenyewe nilijua nikiwa chuoni, mwenzangu wa bwenini aliponiwekea albamu hiyo kwenye flashi pamoja na muvi tatu. Nilidhani ni Wanigeria mpaka niliposikia Kiswahili.

Sunburst walianza Dar es Salaam mwaka 1970. Huo haukuwa wakati rahisi kwa kijana mwenye gitaa la umeme. Mwalimu Nyerere, alipotangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni Desemba 1962, alilalamika kwamba watu walijua kucheza twist na rock 'n' roll kuliko ngoma za kwao. Kuanzia Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulipiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Novemba mwaka huo huo uongozi wa Mkoa wa Pwani, ambao Dar es Salaam ilikuwa ndani yake, ukapiga marufuku muziki wa soul.

Lakini vijana ni vijana. Waliendelea kwenda bugi, yale madansi ya mchana ya wikiendi, wamevaa pekosi, bugaluu na viatu vya raizoni. Kulikuwa na The Sparks, Safari Trippers alikopitia Marijani Rajabu, na Afro 70 ya Patrick Balisidya. Sunburst walikuwa miongoni mwao, wakiwa na mwimbaji James Mpungo na Mkongo Hembi Flory Kongo. Kama bendi zote za zama zile walikuwa na mtindo wao, wakauita Kitoto. Ndani yake kulikuwa na gitaa la roki, soul kidogo, ngoma za huku kwetu, na maneno ya Kiswahili na Kiingereza. Wana wimbo unaoitwa Enzi za Utumwani. Ukiwasikiliza ndipo unaona jinsi ilivyo vigumu kusema huu ulikuwa uzungu tu. Gitaa lilitoka mbali, kweli, lakini walichokuwa wanakisema kilikuwa cha hapa hapa.

Basi kwa nini walisahaulika? Mimi naona sababu yenyewe ni ya kawaida sana. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi ilirekodi Redio Tanzania Dar es Salaam, kanda ikabaki redioni na wimbo ukapigwa hewani bila kuuzwa dukani. Ukitaka santuri, uende Nairobi. Hata huko biashara ilikuwa kwenye santuri ndogo, wimbo mmoja upande huu na mwingine upande ule. Albamu nzima ilikuwa anasa. Halafu Februari 1977 mpaka wetu na Kenya ukafungwa, ukaja kufunguliwa mwaka 1983.

Sunburst wao walikwenda kusini. Walihamia Zambia na albamu yao pekee, Ave Africa, ilitoka mwaka 1976. Walikuta nyumba yenye moto tayari. Wazambia walikuwa na roki yao, siku hizi inaitwa Zamrock. WITCH walikuwa na Lazy Bones ya mwaka 1975, Amanaz wakatoa Africa mwaka huo huo, na kulikuwa na Paul Ngozi na gitaa lake linalokoroma. Lakini bei ya shaba ilikuwa imeanguka na fedha za Zambia zikaanguka nayo. Bendi zikafa moja moja. Baadaye ukaja Ukimwi, ukachukua wanamuziki wengi wa kizazi kile. Sunburst nao wakavunjika muda si mrefu baada ya albamu kutoka.

Waliobaki na muziki ule ni watu kama baba yangu mkubwa. Mtu ananunua santuri Zambia, anaifunga ndani ya blanketi, anapanda nayo lori kupitia Tunduma na Sumbawanga mpaka Mpanda, anaipiga kwa gramafoni ya betri mbele ya majirani. Jirani anapenda, anaazima. Kutoka hapo inakwenda kwa shemeji yake, na mwisho hakuna anayejua iko wapi. Upendo huo huo ulioisambaza ndio ulioipoteza.

Kisha wakaja wakusanyaji kutoka Ulaya na Marekani. Mwaka 2016 kampuni ya Strut ya London ilitoa upya kazi za Sunburst za mwaka 1973 hadi 1976. WITCH nao walitolewa upya, na Jagari, mwimbaji wao, ambaye alikuwa amegeukia kuchimba vito, akarudi jukwaani, na mwaka 2023 bendi ikatoa albamu mpya, Zango. Mimi siwalaumu wageni hao. Bila wao nisingekuwa na kitu kwenye flashi. Kinachoniuma ni kwamba niliwahi kumpelekea mhariri mmoja wazo la makala kuhusu bendi hizi, akaniuliza, "Nani anawajua?" Ndiyo hivyo, hawajulikani kwa sababu hatuandiki, na hatuandiki kwa sababu hawajulikani.

Haya, turudi barazani. Nilitoa simu, nikaunganisha na redio yake yenye sabufa, nikabonyeza. Sikumwambia kitu.

Alisimamisha kitambaa. Hakutabasamu wala hakulia kama kwenye sinema. Alisikiliza tu, kichwa chini. Katikati ya wimbo wa pili akainua kidole, kama mtu anayesubiri kitu, kisha akakishusha taratibu.

"Hapa ilikuwa inaruka," akasema.

Santuri yake ilikuwa na mkwaruzo mahali pale. Kwa zaidi ya miaka arobaini aliubeba wimbo ule kichwani pamoja na mkwaruzo wake. Siku ile ndiyo kwanza alikuwa anakisikia kipande kilichokuwa kinarukwa.

Tulikaa mpaka saa nne usiku. Alinitajia waliokuwa wanakuja kucheza kwenye uwanja wake, nani alimuoa nani, na nani alileta betri. Yule rafiki wa Makanyagio alifariki zamani, na wanawe hawaijui hiyo santuri. Niliandika kila jina kwenye daftari langu la kazini, kisha nikapiga picha santuri zote 31 kabla mchwa hawajamaliza.

Ndugu zangu, kila mtaa una mzee wa namna hii. Muulizeni aliyekuwa na gramafoni alikuwa nani, alipiga nini, na alinunua wapi. Andikeni jina la bendi kama anavyolitamka, hata kama hamlijui. Kanda za redio zina wenyewe wa kuzitunza. Hizi za majumbani zinatutegemea sisi.

Asubuhi nilipokuwa nafunga begi, jirani alipita akauliza ule muziki wa jana ulikuwa wa nani, na kama anaweza kuazima.

"Siazimi tena," akajibu baba mkubwa. "Lete flashi yako."