Kifo cha Dakta Mondlane na Swali Nililolikwepa

Jumatatu tarehe 3 Februari 1969 nilikuwa kijana wa miaka 17, mwanafunzi wa sekondari, nikikaa Magomeni kwa mjomba wangu aliyekuwa karani wa posta. Jioni ile mjomba alirudi kazini, akaketi karibu na redio bila hata kuvua viatu. Hivyo ndivyo nilivyosikia kwamba Dakta Eduardo Mondlane, Rais wa FRELIMO, ameuawa mjini mwetu Dar es Salaam. Ameuawa kwa kitabu.

Naomba msomaji anivumilie nikae kidogo kwenye neno hilo. Sisi ambao wazazi wetu waliuza mbuzi ili tusome tulikiona kitabu kuwa kitu cha kufunikwa kwa gazeti ili jalada lisichafuke, na cha kunawa mikono kabla ya kukishika. Sasa mtu mzima, baba wa watoto, amefungua kitabu na kitabu kimempasukia.

Asubuhi ile Mondlane alipita ofisini, akachukua barua zake, kisha akaenda Oyster Bay kwenye nyumba ya rafiki wa familia, mahali alipopenda kufanyia kazi kwa utulivu. Miongoni mwa barua kulikuwa na kifurushi, ndani ya kifurushi kitabu, na ndani ya kitabu bomu. Alikuwa na miaka 48. Alizaliwa Gaza, kusini mwa Msumbiji, akasoma hadi shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Northwestern, akafanya kazi Umoja wa Mataifa, akafundisha chuo kikuu huko Syracuse, kisha akaviacha vyote ili aje kuongoza chama kilichozaliwa hapa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962. Aliyemtumia kifurushi alimjua vizuri. Mtu kama huyo humvizii kwa bunduki, unampelekea kitabu.

"Mjomba," aliniambia mjomba wangu usiku ule, "tangu leo kifurushi usichokitazamia usikifungue." Nani angenitumia kifurushi mimi! Lakini nilitii kwa miaka mingi.

Sote tulisema ni Mreno, na sikuwa na sababu ya kusema vingine, wala leo sina. Taarifa zilizochapishwa baadaye zilieleza kwamba betri za bomu lile zilifuatiliwa hadi kwenye duka la Lourenço Marques, mji ambao sasa ni Maputo. Waandishi wa historia wamemtaja pia Casimiro Monteiro, mtu wa PIDE, polisi ya siri ya Ureno, ambaye jina lake limo pia katika mauaji ya Jenerali Humberto Delgado ya mwaka 1965. Hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa kifo cha Mondlane. Bali walikuwepo, tangu siku za matanga, walionong'ona kwamba kifurushi kilisaidiwa na mikono ya ndani. Minong'ono hiyo haikutoka hewani. Mei 1968 ofisi ya FRELIMO mjini Dar es Salaam ilivamiwa na mtu akafa. Lazaro Kavandame, aliyekuwa mkubwa wa Cabo Delgado, aligombana na wenzake, na mwezi mmoja tu baada ya mauaji akavuka kwenda kwa Wareno.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniwasha. Makamu wa Rais wa FRELIMO alikuwa Mchungaji Uria Simango. Kwa desturi angeshika nafasi ya marehemu. Aprili 1969 Kamati Kuu haikumpa. Iliunda uongozi wa watu watatu, yeye, Samora Machel na Marcelino dos Santos. Novemba mwaka uleule Simango alitoa waraka wa kuwashutumu wenzake, akaondolewa, na Tanzania ikamtaka aondoke nchini. Mei 1970 Samora akawa Rais. Tuliokuwa nje tulishangilia, na vita vilikwenda mbele, hadi utawala wa Lisbon ukaanguka Aprili 1974 na bendera ya Msumbiji huru ikapandishwa tarehe 25 Juni 1975.

Mwaka huohuo wa 1975 nilikuwa mwalimu kijana huko kusini. Shemeji yangu alikuwa dereva wa lori, akipeleka mahindi Nachingwea, kwenye kambi ya FRELIMO. Siku moja alikuja kwangu akanywa chai kimya, kisha akasema, "Shemeji, leo nimeona mtu mzima anasomeshwa kama mtoto." Alimwona Simango mbele ya umati wa wapiganaji, ameshika karatasi, akisoma kwa sauti makosa yake, ukurasa baada ya ukurasa. Alikuwa amekamatwa Malawi na kukabidhiwa. Shemeji hakujua Kireno. Alichokielewa ni sura ya msomaji. Baada ya hapo Simango alipelekwa kwenye kambi za Niassa, akauawa kwa siri pamoja na wengine bila kesi. Mkewe Celina naye aliuawa.

Kwa hiyo nilijua. Si yote, lakini nilijua vya kutosha.

Muhula wa kwanza wa mwaka 1987 nilikuwa nafundisha Historia kidato cha tatu. Samora alikuwa amefariki Oktoba iliyopita katika ajali ya ndege huko Mbuzini, na majonzi yalikuwa bado mabichi. Nilifundisha kifo cha Mondlane vizuri, nadhani. Hata darasa la jirani lilikuwa kimya likisikiliza. Akainuka kijana mmoja aliyevuka Ruvuma na mama yake wakikimbia vita. Akauliza kwa adabu, "Mwalimu, na yule makamu wake, Simango, alikwenda wapi?"

Nikamwambia, "Kaa chini. Hayo hayamo katika muhtasari."

Akakaa. Hakuuliza tena swali lolote katika somo langu mpaka familia yake ilipohama. Sikumwomba radhi.

Nimejiuliza kwa nini. Haikuwa hofu ya polisi. Hakuna ambaye angenikamata kwa swali la mtoto. Ilikuwa mapenzi. Tuliichangia FRELIMO senti zetu, vijiji vyetu vya mpakani vilipata mabomu ya Mreno kwa ajili yake, na nilimpenda Mondlane kama nilivyompenda mjomba. Niliona kwamba nikimtaja Simango nitakuwa nimempa Mreno neno la kusema. Mreno mwenyewe alikuwa ameondoka miaka 12 nyuma!

Watoto wa Simango, Daviz na Lutero, walikua wakawa wanasiasa. Daviz, aliyezaliwa huku kwetu mwaka 1964, alikuwa meya wa Beira hadi alipofariki mwaka 2021. Kila nilipolisikia jina lake redioni nilimkumbuka yule kijana akikaa polepole kwenye dawati.

Nilimaliza ukuu wa shule nikahamishiwa chuo cha ualimu kuwa mkufunzi wa Historia. Mwaka 2009, nikikaribia kustaafu, nilitoa zoezi kwa wanachuo: "Eleza kifo cha Eduardo Mondlane na yaliyompata Uria Simango." Chumba kizima kilinyamaza. Mwishowe binti mmoja akanyosha mkono.

"Mwalimu, samahani, jibu lake utalisahihishaje?"

Nilimwambia aandike anachokijua, na kando ya kila jambo aseme amelijuaje. Aliandika kurasa tatu. Nilimpa alama 11 kati ya 20, kwa kuwa tarehe zake mbili zilikuwa na makosa na mwandiko wake ulikuwa mbaya sana.