Sanamu ya Askari

Dar es Salaam, 1927 · Shaba · Mchongaji: James Alexander Stevenson

Askari huyu anawakumbuka Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914–1918. Tazama singe ya bunduki yake: imeelekea bandarini. Maandishi kwenye msingi ni ya Kiingereza, Kiswahili na hati za Kiarabu. Maneno ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling.

Vita viliisha kwa kuchelewa
Ulaya iliweka silaha chini tarehe 11 Novemba 1918. Jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, lilijisalimisha tarehe 25, huko Abercorn, leo Mbala, Zambia.

Amani yenye njaa
Nyumbani hapakuwa na shangwe. Majeshi yote mawili, la Wajerumani na la Waingereza, yalikuwa yamechukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kulima. Ugogo ilikuwa katikati ya njaa kali, ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Mafua makali ya 1918 yakawakuta watu wamedhoofika.

Makumi ya maelfu ya wapagazi hawakurudi. Wengi waliuawa na kuhara, malaria na uchovu, si risasi. Ujira wa wengi waliokufa haukuwafikia jamaa zao.

Jina lililobaki
Wapagazi wa Waingereza walipiga kambi upande wa magharibi wa mji. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, likitamkwa kwa ulimi wa wenyeji, likawa Kariakoo.