Kona ya vitabu ya mtoto haihitaji simba mlangoni

Ukipita Banda Street, karibu na Jamia Mosque, utaona sanamu za simba wawili mbele ya jengo la nguzo kubwa. Kwa wengi wetu hapo ni mahali pa kupiga picha ama kungojea msee amechelewa. Hiyo ni McMillan Memorial Library. Ilifunguliwa 1931. Lady Lucie McMillan aliijenga kumkumbuka mumewe, Sir William Northrup McMillan. Na kwa miaka mingi ya ukoloni, kusoma humo ndani kulikuwa kwa Wazungu peke yao.

City Council iliichukua mwanzo wa miaka ya 60, na wakati huo mlango ukawa wazi kwa kila mtu. Lakini babu yangu, aliyekuja Nairobi kutafuta kazi enzi hizo, hakuwahi kupanda zile ngazi hadi akastaafu. Nilimuuliza kwa nini, kwani walikuwa wamefungua. Akaniambia, "Nilijua hapo si petu." Sheria ilikuwa imeisha, lakini kufuli ilibaki kichwani.

Sasa hebu niwaulize. Hiyo kufuli si tuliibeba hadi kwa nyumba zetu?

Kwetu kulikuwa na wall unit. Vitabu vilikaa juu kabisa, nyuma ya kioo, pamoja na vikombe vya wageni. Ufunguo alikuwa nao mathe. Ukitaka kitabu unaoshwa mikono kwanza, unakalishwa, na unaambiwa usikunje karatasi. Simlaumu hata kidogo. Vilikuwa ghali, na alivinunua kwa jasho. Lakini nilijifunza kwamba kitabu ni kitu cha kuogopa, kinachotoka wakati wa mtihani. Niliacha chuo mwaka wa pili. Sisemi ni kwa sababu ya kioo, shida zilikuwa nyingi. Nasema tu kwamba hadi hapo sikuwa nimewahi kusoma kitabu kizima kwa raha yangu.

Historia ya kusoma Kenya ina upande mwingine, na huo ndio naupenda. Kabla ya uhuru, East African Literature Bureau ilikuwa inatuma masanduku ya vitabu mashinani, kwa sababu si kila mtu angefika mjini. Baada ya uhuru, mwaka wa 1965, bunge likapitisha sheria ya kuunda maktaba ya taifa, Kenya National Library Service. Halafu 1996, Garissa, hao watu wa maktaba wakafanya kitu kikali: wakapakia vitabu kwa ngamia. Jamii za wafugaji huhama, kwa hivyo vitabu navyo vikahama. Ngamia anabeba masanduku, mwingine anabeba hema. Wakifika, mikeka inatandikwa, vitabu vinapangwa chini, watoto wanachagua wenyewe.

Soma hiyo tena polepole. Mkeka, sanduku, kivuli, na ruhusa ya kugusa. Hiyo ni maktaba kamili, na haina hata nguzo moja.

Ndiyo maana mtoto wa sister alipokuja kuishi na sisi, ana miaka minne, nilisahau zile picha za mtandaoni za vyumba vya watoto vyenye hema ya kitambaa cheupe na taa za nyota. Sisi tunaishi keja ya chumba kimoja na jikoni. Nilichukua nafasi kati ya kitanda na dirisha, mahali jua la asubuhi linaingia. Nikatandika mkeka, juu yake blanketi kuukuu, na mto mmoja wa kuegemea ukutani. Kreti ya plastiki nimeilaza kwa upande ikawa shelfu. Vitabu vinasimama vikionyesha jalada, kwa sababu yeye bado hawezi kusoma jina kwenye mgongo wa kitabu. Picha ndiyo inamwita. Na kila kitu kiko chini, urefu wa mkono wake.

Vitabu ni saba tu, vya inama, wale wauzaji wanaopanga vitabu chini kando ya barabara unainama kuchagua. Kila jioni tunasoma kimoja, na mara nyingi ni kilekile cha jana, kwa sababu ameamua.

Wiki ya kwanza alirarua ukurasa. Mathe akaniangalia vile mnajua. "Si nilikwambia? Weka juu." Nikamjibu, "Mathe, wacha tu, nitabandika na seloteipu." Nikabandika, mtoto akishika upande mmoja. Siku hizi akifika huo ukurasa anaupapasa na kusema, "Hapa nilitengeneza."

Juzi niliamka nikampata mathe ameketi kwa huo mkeka, miguu ameinyoosha, mtoto anamsomea kitabu kwa kuangalia picha na kujitungia maneno. Ufunguo wa wall unit hata sijui uko wapi siku hizi.

Kwa hivyo kabla hujaweka pesa kando ya fanicha, angalia kwanza nani anaruhusiwa kugusa. Babu alingoja mlango, ukafunguliwa, na bado hakuingia. Huyu wetu asikue akidhani kuna mlango.

Kwenu vitabu vilikaa wapi ukiwa mdogo? Niambie hapo chini.