Majina Yaliyobaki Chini ya Mlima

Rekodi inasema mtu wa kwanza kufika Batian, kilele cha juu kabisa cha Mlima Kenya, ni Mwingereza Halford Mackinder, tarehe 13 Septemba 1899. Alikuwa na waongozaji wawili kutoka Alps, César Ollier na Joseph Brocherel. Sawa. Lakini hakuna msee anafika mita 5,199 bila mtu wa kumbebea chakula.

Reli ilikuwa imefika Nairobi Mei mwaka huo huo. Dandora haikuwepo hata kwa ndoto. Msafara uliondoka na watu kama 170, na Wazungu walikuwa 6 tu. Wengine walikuwa Waswahili wa pwani, Wakikuyu, na Wamaasai wawili wa kuonyesha njia. Hao ndio walibeba mahema, kamba na vyombo vya kupimia. Chakula kikaisha. Waswahili wawili waliotoka kukitafuta wakauawa. Na kwenye karatasi za msafara, pembeni mwa majina ya wapagazi 8, imeandikwa kwamba walipigwa risasi kwa amri. Wanahistoria bado wanabishana kuhusu hayo maneno. Kwangu mimi, hata hiyo alama tu inatosha kuuliza maswali.

Mackinder ndiye alivipa vilele majina ya malaiboni wa Kimaasai: Batian, Nelion, Lenana. Wapagazi hawakupewa hata jiwe.

Majina yanaweza kurudishwa. Kule Wales, mwaka 2022, wasimamizi wa mbuga waliamua kuuita mlima wao mrefu zaidi Yr Wyddfa, si Snowdon tena. Hadithi yao ya kale inasema pale juu ni kaburi la jitu linaloitwa Rhita. Sisi pia tuna Kirinyaga, makao ya Ngai, na tunamkumbuka Kisoi Munyao, aliyesimamisha bendera Lenana usiku wa uhuru, Desemba 1963.

Lakini wale 8? Huku Dandora tunajua kazi ya kubeba. Kila asubuhi naona watu wakitoka dampo na magunia ya plastiki mgongoni, na ripoti zikiandikwa, wao huitwa "wakusanyaji" basi.

Mimi na maboyz wa mtaa tunachanga pesa tupande Lenana. Tutahitaji mpagazi. Picha zikitoka, jina lake litaandikwa kwanza, kama atakubali.