Kwa Nini Susu Anaogopa Karatasi

Nyanya yangu, ambaye sisi tunamwita susu, huweka ugoro wake kwenye kikopo kidogo cha chuma kinachotoshea kiganjani. Kina pahali pa kupitisha kamba. Nimekiona tangu nikiwa mtoto na sikuwahi kuuliza kilitoka wapi. Mwaka jana ndiyo nilijua kilibeba nini kabla ya ugoro.

Ilikuwa hivi. Binamu yangu alipata kazi ya nyumba Nairobi kwa familia ya kigeni: mume, mke, watoto wawili. Hapa Matuu wasichana wengi huondoka kwa kuitwa tu. Mtu anajua mtu, unapanda matatu asubuhi, ukishuka unaonyeshwa jiko na mtoto wa kubeba. Hawa walikuwa tofauti. Walimtumia kandarasi kwa WhatsApp, kurasa nne, Kiingereza kitupu. Akaja nayo nyumbani tuisome. Mimi ndiye msomi wa boma, ingawa niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama na siku hizi naishi kwa kuandikia watu makala. Nikaanza kutafsiri. Nilipofika chini, pahali pa sahihi, susu akasema, "Huyo mtoto asiweke kidole hapo."

"Si kidole, susu. Ni sahihi."

"Ni kitu kimoja."

Kisha akamwaga ugoro kwenye kipande cha gazeti, akanipa kile kikopo. "Baba yangu alivaa hiki shingoni," akasema.

Baba yake alikuwa mpishi wa wazungu Nairobi. Ile karatasi iliyokuwa ndani ilishapotea, lakini kikopo ni cha kipande. Shuleni tulifundishwa kipande kwa sentensi mbili, tukajibu swali kwenye mtihani, tukaendelea. Nilipoanza kusoma vizuri nikagundua kwamba hii ndiyo historia ya karatasi ya binamu yangu.

Sheria ya kuandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915. Vita Kuu ikaichelewesha, ikaanza kutekelezwa kati ya 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alitakiwa kuwa na karatasi yenye jina lake, kabila lake na alama za vidole, pamoja na nafasi ya mwajiri kujaza: ameajiriwa lini, analipwa ngapi, ameachiliwa lini. Karatasi ilikaa ndani ya kikopo, kikopo kikaning'inia shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi.

Makali yote yalikuwa kwenye ile nafasi ya mwisho. Kama mwajiri hajatia sahihi kwamba amekuachilia, kazi nyingine huipati kihalali. Ukitoroka, vidole vyako vinakufuata. Na kutoroka hakukuwa ugomvi wa watu wawili tu, kulikuwa kosa la jinai. Tangu Sheria ya Mabwana na Watumishi ya 1906, mtumishi aliyeacha kazi bila ruhusa angeweza kutozwa faini au kufungwa. Miaka ya 1920 watumishi wa nyumbani wakaongezewa sheria yao ya kuandikishwa, na kitabu ambacho mwajiri aliandika maoni yake kuhusu tabia ya mtu. Hebu fikiria: mtu anayekudai mshahara ndiye anabeba maandishi yako juu yake.

Watu hawakunyamaza. Harry Thuku alipokamatwa Machi 1922, kati ya mambo aliyokuwa akipigania ni kodi, kipande, na wanawake na wasichana kulazimishwa kufanya kazi. Tarehe 16 umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi. Mary Muthoni Nyanjiru akawatia wanaume aibu, risasi zikalia, naye akawa miongoni mwa waliokufa. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 21.

Kipande kiliendelea miaka mingine 25. Mwaka 1947 ikaja sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote, na wazungu nao wakaambiwa watoe alama za vidole. Walikasirika sana. Mwishowe wakapatiwa njia ya pembeni: anayejua kusoma na kuandika Kiingereza aweke sahihi na picha badala ya vidole. Kwa hiyo susu akisema kidole na sahihi ni kitu kimoja, nakumbuka kwamba walowezi hawakuona hivyo hata kidogo.

Lakini hofu ya susu haikuisha kwa baba yake. Yeye mwenyewe alienda Nairobi mwaka 1971. Wakati huo kazi za nyumba, ambazo enzi za ukoloni zilikuwa hasa za wanaume, zilikuwa zinageuka kuwa za wanawake. Aliajiriwa na mume na mke wa kigeni, akalala kwenye kile chumba cha nyuma ambacho matangazo ya nyumba Nairobi hadi leo yanakiita DSQ. Hizo herufi ni za Kiingereza cha "makao ya watumishi wa nyumbani". Ukoloni uliondoka, herufi zikabaki.

Alifanya kazi miaka minane. Hakuvaa chochote shingoni. Hakuwa na karatasi yoyote, hata kitambulisho, kwa sababu sheria ya vitambulisho haikuwahusu wanawake mpaka ilipobadilishwa mwaka 1978. NSSF ilikuwepo tangu 1965, lakini hakuna mtu aliyempeleka kumwandikisha. Mwaka 1979 wale watu wakarudi kwao. Walimwachia blanketi, sufuria tatu na picha moja amembeba mtoto wao. Hakuna barua. Hadi leo anajua kupika kastadi, lakini ukitafuta ushahidi kwamba miaka ile minane alifanya kazi, utapata ile picha tu.

Hapo ndipo nilipoanza kumbishia. Nikamwambia, "Susu, baba yako alifungwa na karatasi. Wewe ulipotezwa na kukosa karatasi. Sasa huyu tumwambie nini?"

Hakujibu. Kwa hivyo nikasoma Sheria ya Ajira ya 2007 kwa simu, bando likiisha naongeza.

Kile nilichopata ni kipande kilichogeuzwa ndani nje. Kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi, na mwenye jukumu la kuuandaa ni mwajiri. Mfanyakazi asiyejua kusoma aelezwe mkataba kwa lugha anayoielewa. Kesi ikifika mahakamani na mwajiri hana mkataba wa kuonyesha, ni yeye wa kuthibitisha makubaliano yalikuwa yapi. Kuna siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, yenye malipo. Ukiondoka, mwajiri lazima akupe cheti cha utumishi, kinachosema ulifanya kazi gani na tangu lini hadi lini. Sheria hiyohiyo inasema halazimiki kuandika kuhusu tabia yako. Kile kitabu cha miaka ya 1920 kimefutwa hapo.

Mwaka 2012 Mahakama ya Viwanda iliamua kwamba mfanyakazi wa nyumbani ni mfanyakazi kama mwingine, na hawezi kulipwa chini ya kima cha chini cha mshahara. Nairobi, Novemba 2024, kima hicho kiliwekwa kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Juu yake kuna NSSF, bima ya afya ya SHIF ya asilimia 2.75, na ile ushuru ya nyumba, ambapo mwajiri anatoa asilimia 1.5 yake na mfanyakazi 1.5. Sheria haiulizi kama mwajiri ametoka Machakos au Marekani.

Isipokuwa pahali pamoja, na hapa nilimwambia binamu aulize mapema: bosi ni mwanadiplomasia? Mkataba wa Vienna wa 1961 unampa mwanadiplomasia kinga, kwa hivyo kumpeleka kortini ni mlima. Unamtaka aheshimu sheria za nchi, lakini kuheshimu na kushtakiwa ni vitu viwili. Wakajibu kwamba mume ni mhandisi wa kampuni ya kawaida. Sawa.

Najua kuna atakayesema hizi ni sheria za kwenye simu, mtaani mambo ni mengine. Ni kweli. Wakenya wenzetu wengi, nikiwemo mimi nikipata pesa kesho, tungemlipa msichana elfu nane na kumwambia yeye ni kama familia. Wengi wa wasichana wa hapa wanaowaza kuondoka hawawazi Nairobi tena, wanawaza Riyadh. Binamu yangu naye alikuwa ameshapiga picha za pasipoti. Kule, mageuzi ya kazi ya Saudi Arabia ya mwaka 2021 yaliwaruhusu wafanyakazi wengi kubadilisha mwajiri bila kibali chake, lakini wafanyakazi wa nyumbani wakaachwa nje. Mtu anashika pasipoti yako, na bila yeye hutoki. Susu hajui neno kafala. Nilipomweleza, alikitazama kile kikopo tu.

Kwetu hii historia haiko mbali. Mfereji wa Yatta, unaopita hapa na kumwagilia nyanya zetu, ulichimbwa miaka ya 1950 na wafungwa wa Mau Mau. Hata maji tunayooshea vyombo yaliletwa na watu waliolazimishwa. Ndiyo maana sikuweza kumwambia susu kwamba hofu yake ni ushamba. Amekosea karatasi, lakini swali lake ni sahihi: nani ameandika, na inamfunga nani?

Kwa hivyo tuliisoma upya kwa swali hilo. Kurasa nne, mstari kwa mstari, susu akiwa kwenye kiti chake. Mshahara ulikuwa juu ya kima. Siku ya kupumzika haikutajwa, tukaandika Jumapili. Kulikuwa na mstari unaosema mwajiri "atahifadhi" kitambulisho chake. Binamu akauliza maana yake, nikamwambia. Akaukata kwa kalamu mwenyewe. Tukaomba nakala ya Kiswahili. Yule mama akaandika kwamba samahani, mkataba aliutoa kwenye mtandao, na mstari huo hakuuona.

Nakala mpya ikaja Alhamisi. Nikaichapisha pale mjini, shilingi kumi kwa ukurasa. Susu akaishika kichwa chini miguu juu, akanirudishia.

"Jina la huyo bosi liko hapa?"

Nikamwonyesha.

"Na kidole chake?"

Bado, nikamwambia. Anangoja binamu aweke kwanza.

"Basi aweke yeye kwanza," susu akasema, akaanza kurudisha ugoro kwenye kikopo.