Gia

Port Bell, Uganda, karibu na gati linalopokea mabehewa yanayovushwa ziwani kutoka Mwanza, fundi alikuwa chini ya pikapu kuukuu akishusha giaboksi ya otomatiki ili afunge ya gia za mkono. Kazi haiishii kwenye giaboksi: flaiwili na sahani ya klachi lazima ziingie, pedali ya tatu ifungwe, sakafu itobolewe kupisha mkono wa gia. "Sasa itatii," akaniambia, viganja vyeusi kwa oili.

Neno "gia" lenyewe tumelichukua kwa Waingereza, lakini vitenzi vyake ni vyetu: tunaitia, tunaitoa, tunaipangua. Nalipenda sana neno hili. Uchaguzi wa Tanzania wa 2015 ulivumisha hata "kubadili gia angani", yaani kugeuza msimamo safari ikiwa imeshaanza.