Njia ya Kwenda Mnazi Mmoja

Historia ya hospitali katika kisiwa chetu cha Unguja imeandikwa zaidi kwa majina ya waliojenga kuliko kwa safari za waliougua. Tunajua kwamba mwaka 1887 Tharia Topan aliweka jiwe la msingi la hospitali ya maskini pale Mizingani, kuadhimisha jubilii ya Malkia Victoria, akafa 1891 kabla haijakwisha, na jengo likaishia kuwa dispensari. Tunajua pia kuwa Mnazi Mmoja iliwahi kuitwa Karimjee Jivanjee, na baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaitwa V. I. Lenin, kisha ikarudi kwenye mnazi wake. Majina yote hayo hayakumsogeza mtu wa Makunduchi hata hatua moja. Hata garimoshi lililoanza 1905 lilikomea Bububu.

Nayasema haya kwa sababu ya kiharusi. Mwaka 1987 ami yangu alianguka ukumbini kwake Nungwi baada ya sala ya alfajiri, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia hauinuki. Wazee wakasema ni upepo mbaya. Akakandwa mafuta, akasomewa, na gari likapatikana baada ya adhuhuri, lile la mbao lenye mabenchi. Magharibi ikiadhiniwa ndiyo kwanza tunaingia mjini. Aliishi miaka sita akiburura mguu, na jamaa hawakuacha kumlaumu mkewe kwamba ndiye aliyechelewesha.

Naona walimwonea. Mgonjwa huhitaji hospitali siku zote, lakini mwaka ule hata London hapakuwa na dawa iliyothibitishwa kuyeyusha damu iliyoganda ndani ya ubongo. Majaribio yaliyothibitisha dawa hiyo yalichapishwa Marekani Desemba 1995, nayo ilipaswa kutolewa ndani ya muda wa saa tatu tangu ugonjwa uanze. Mwaka 2008 madaktari wa Ulaya wakaonyesha kuwa hata saa nne na nusu yafaa. Haraka tunayoidai leo, basi, ni kitu kichanga sana, na si haki kuwahukumu nayo watu wa zamani. Sisi wa leo ni jambo jingine.

Kwani dawa hiyo haitolewi kwa kukisia. Kiharusi kimoja ni cha mshipa kuziba, kingine ni cha mshipa kupasuka; ukimpa dawa huyu wa pili unaweza kumwua. Kwa macho tu hawatofautiki. Lazima ipigwe picha ya kichwa kwa ile mashine ya siti skani, ambayo ilimpiga mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971. Kwa hiyo swali la kwanza si hospitali ipi iko karibu, bali ni ipi yenye mashine, na ipo mjini. Zamani wa upasuaji wa ubongo walivushwa bahari kwenda Dar es Salaam, na boti ya kasi peke yake hula kama saa mbili; tangu 2014 taasisi ya Kihispania ya NED imekuwa na kituo cha upasuaji huo hapo hapo Mnazi Mmoja.

Barabara ya lami imefupisha safari, lakini saa nyingi hupotea kabla gari halijawashwa, na nyingine hupotea mgonjwa anaposubiri karatasi ya kumhamisha. Simu moja ingetosha: anayemtoa Kivunge au Makunduchi ampigie anayempokea, mashine iwe tayari, na gari lisimame mlangoni mwake.

Na aulizwe aliyeleta: mara ya mwisho alionekana mzima lini? Wazee wetu hawatazami saa, lakini sala wanazikumbuka. Aliyesali isha vizuri, akaamka alfajiri hawezi kusema, huhesabiwa tangu isha.